Pengo Juu ya Sikio

Mtaani kwao mtu akifariki, kabla hata ya kukodi viti na turubai, alitumwa mtu kwenda kwa Mama Penseli. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Kwa kweli hakuwa na mtoto yeyote. Jina lilitokana na penseli aliyoichomeka kwenye kitambaa cha kichwa asubuhi mpaka jioni, hata watu wakasema akioga huiweka dirishani na akimaliza hairudishi nguo mwilini kabla ya kuirudisha penseli kichwani. Kazi iliyompa mshahara ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa kaburini kabla ya udongo.

Kwa miaka ishirini na miwili aliandika kwa namna moja. Alifika nyumba ya msiba, akapita sebuleni bila kukaa, akaenda jikoni, kwa sababu jikoni ndiko wanakokaa wanaojua mambo. Hakuuliza marehemu alizaliwa lini. Hayo, alisema, yapo kwenye kitambulisho. Aliuliza maswali matatu. Alikuwa akiamka saa ngapi? Nini kilikuwa kinamchekesha? La tatu aliliuliza kwa sauti ya chini: nani hapa hakuwahi kumwomba radhi?

Hilo la tatu halikujibiwa. Kwa kawaida mtu mmoja alinyanyuka akatoka nje kama anayekwenda kutazama maji, na Mama Penseli akamfuata kwa macho. Jibu lake hakuliandika hata siku moja. Lilimsaidia tu kujua pa kupita na pa kukwepa.

Aliandikia kazini, saa tisa alasiri, mashuka yakiwa ndani ya mashine ya kukaushia. Mashine ilichukua dakika ishirini na tano. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima, wenzake wakipiga soga na kubishana, na yeye juu ya gunia la mashuka, karatasi chakavu ya hospitali gotini, upande ule usioandikwa, alikuwa peke yake kama mtu aliyejifungia chumbani. Mashine ikizima, wasifu umekwisha. Jioni alimsomea mama yake.

Mama yake alikuwa kipofu tangu miaka kumi iliyopita. Macho yalikufa, masikio yakarithi. Alikaa kitandani akimenya vitunguu kwa kupapasa, na hakuna neno lililompita.

"Hapo umempaka mafuta mno, atateleza," alisema. Au: "Huyo mzee hakuwa mpole. Alikuwa mwoga. Sema mtaratibu, watu watakuelewa." Mama Penseli alifuta, akaandika upya, akasoma tena. Mama akisema "huyo ndiye," kazi imekwisha.

Penseli zenyewe zilichongwa na mdogo wake, kinyozi. Walizaliwa wawili tu. Kinyozi hakuoa, hakuzaa, na shule aliiacha darasa la saba. Alilala chumba cha uani, hapo hapo kwa mama yao, na saluni yake ilikuwa mwendo wa dakika tano: kiti kimoja, benchi moja, kioo, redio iliyokuwa ikishika stesheni moja tu. Mama Penseli alimpelekea penseli butu tano kwa mpigo, naye alizichonga kwa wembe, ncha ndefu na nyembamba, akazirudisha zimefungwa kwa mpira.

"Usizimalize zote," dada mtu alimwambia. "Bakisha mti."

"Dada, akili ni nywele. Mimi kazi yangu ni kupunguza."

Kinyozi huyo alikuwa na kasoro moja iliyojulikana mtaa mzima. Juu ya sikio lake la kushoto nywele zilikatika vibaya. Leo pengo la upana wa kidole, wiki mbili baadaye limeota, mara limefunguka jingine pembeni. Watu walicheka. Mama yao ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, "na akijinyoa hujikata. Njoo hapa niguse, leo umeharibu wapi?"

Naye aliinamisha kichwa, akaguswa, wakacheka pamoja. Hakujitetea hata mara moja.

Kisha figo za kinyozi zikaanza kugoma.

Miezi minane. Mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu, na siku zilizobaki kulala kwa sababu ya zile siku mbili. Saluni ilifunguliwa Jumamosi tu, baadaye ikafungwa kabisa. Mama Penseli aliamka, akamwogesha mdogo wake, akamlisha mama yake, akaenda kufua mashuka ya watu wasiomhusu, akarudi kufua ya wanaomhusu. Zile dakika ishirini na tano za mashine zilikuwepo bado, hakuna aliyemnyang'anya. Lakini alipokaa juu ya gunia na kuweka karatasi gotini, maneno hayakuja. Ilikuja dawa ya saa mbili. Kilikuja kikombe cha maji anachoruhusiwa kunywa kutwa nzima. Ilikuja gari ya kesho, na nani atakaa na mama. Kichwa kilikuwa ndoo iliyojaa hadi ukingoni, usingeweza kuongeza tone lisimwagike jingine. Basi alilala. Wenzake walimtikisa bega mashine ilipozima.

Nyumba mbili za msiba zilimtumia watu katika miezi ile. Wote aliwarudisha. "Mnisamehe," aliwaambia. "Mkono upo, kichwa hakipo." Wakaandika wenyewe: alizaliwa, alisoma, alioa, ameacha. Watu walisikiliza huku wakitazama saa.

Ilikuwa katika miezi hiyo kinyozi alipomwomba. Mara ya kwanza dada yake alikuwa akimwosha miguu, imevimba kama ya mtu mwingine.

"Dada."

"Naam."

"Umewaandikia wafu wa mtaa huu wote. Kuna hata mmoja aliyerudi kukushukuru?"

"Usinichekeshe, nitamwaga maji."

"Basi niandikie mimi, nikiwa hai. Unisomee. Mimi nitakushukuru."

"Nyamaza. Usijitabirie mabaya. Utapona."

"Nikipona, wewe utakuwa umepata mazoezi."

Mara ya pili alimjibu mlangoni, amebeba beseni.

"Nitakuandikia nikipata nafasi."

"Nafasi yenyewe unaitafuta wapi, sokoni?"

"Kesho, mdogo wangu."

"Haya. Ukiiona hiyo kesho, niitie."

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi alasiri, siku asiyokwenda kazini. Mama yao alikuwa amelala. Mama Penseli alivuta kiti karibu na kitanda cha mdogo wake, akafungua daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa: *Alikuwa akiamka saa ngapi?* Akalitazama neno la kwanza. Akalikata, akaandika: *Anaamka saa ngapi?* Kinyozi alifurahi mpaka akajaribu kukaa.

"Andika hivi," alisema. "Mimi mapema sijawahi. Duka nafungua saa nne. Anayetaka kunyolewa saa mbili akanyolewe na mkewe..."

Hayo ndiyo aliyoyasikia. Joto la chumba, sauti ile ya taratibu, kiti chenye mikono, na uchovu wa miezi minane. Alipofumbua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa mwekundu. Magotini mwake kulikuwa na shuka, lile ambalo mgonjwa alikuwa amejifunika miguu. Daftari lilikuwa chini.

"Umeandika?" kinyozi aliuliza.

"Mbona hukuniamsha?"

"Umekoroma kurasa mbili. Nimezisikiliza zote. Nzuri, ila unarudia rudia."

Walicheka mpaka mama yao akauliza kutoka chumba cha pili nini hicho cha kuchekesha asichoambiwa. Mama Penseli aliokota daftari, akasema kesho watamalizia. Jumapili wageni walikuja. Jumatatu ilikuwa siku ya kusafishwa damu. Jumanne asubuhi, gari ikiwa bado haijafika, kinyozi aliomba ageuzwe atazame ukutani, na alipogeuzwa hakusema tena.

Jumatano nyumba ilijaa. Baba Mdogo, ndugu wa baba yao, aliyekuwa karani wa mizani maisha yake yote na kustaafu akiwa bado anapenda kila kitu kipimwe, alishika msiba. Alikuwa na karatasi mfukoni yenye orodha, na kila alichokamilisha alikikata kwa mstari. Mazishi Alhamisi saa nane. Kabla ya adhuhuri alikuwa amebakiza kitu kimoja.

"Mwanangu, wasifu uko wapi? Yule wa kuchapa anafunga saa kumi na moja."

"Nauandika, Baba Mdogo."

"Usijisumbue na marefu. Kijana hakuoa, hakuacha mtoto, cheo hakuwa nacho. Mistari minne itamtosha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepima gunia na kuona ni jepesi. Lakini mistari minne ilimwingia Mama Penseli kama mwiba chini ya ukucha. Aliwajua waliozikwa na mistari minne. Aliwaona waombolezaji walivyoondoka pale kaburini wakizungumza habari nyingine. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika ili mtu asiondoke hivyo, na sasa angeondoka hivyo ndugu yake wa pekee.

Akaenda jikoni. Jikoni kulikuwa na wanawake kumi na moja na kila mmoja alimkumbatia. Akaenda chumba cha uani. Walikuwa wameshakitoa kitanda. Akaenda nyuma ya nyumba, akageuza ndoo, akakaa. Jirani akamfuata na kiti, akasema haiwezekani mfiwa akae juu ya ndoo, kisha akakaa naye amliwaze. Mwishowe alijifungia chooni, akaweka karatasi ukutani. *Aliamka saa ngapi?* aliandika. Alijua jibu, alikuwa ameambiwa Jumamosi. Lakini kila alipofika kwenye sauti ile iliyompa jibu, alifika pia kwenye usingizi wake mwenyewe, na penseli ikasimama. Mtu akagonga mlango. "Kuna mtu?"

Saa tisa, kwa mazoea ya mwili, alihisi ni wakati wa kuandika, naye hakuwa na neno. Ndipo akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alitoa chini ya kitanda chake daftari za zamani, alimonakili wasifu wote, akachukua sentensi nzuri hapa, nyingine kule, akabadilisha kazi walizofanya, akaziunga. Zilikaa vizuri, kama viraka vya nguo ya fundi hodari. Zilikuwa kurasa mbili kamili.

Akaingia kwa mama yake. Mama alikuwa kitandani, mikono mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mikono yake haina kitu cha kumenya.

"Nisomee," alisema mama.

"'Aliamka kabla ya jogoo, na kazi yake ilimkuta amekwisha simama...'"

"Jogoo gani?"

Mama Penseli akashusha karatasi.

"Mwanangu alikuwa akiamka jua limechoka kumngoja," alisema mama. "Huyo ni fundi bomba. Yule wa nyumba ya kona. Ulinisomea mwaka juzi, nikakwambia sentensi hiyo ni nzuri, usiiguse." Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa bintiye mpaka akaukuta mdomo, akaacha vidole juu yake kama anayeufunga. "Usinizikie fundi bomba, mwanangu. Fundi bomba nilishamzika."

Mama Penseli alizichana zile kurasa hapo hapo. Akatoka, akamwambia Baba Mdogo kwamba hakuna cha kuchapa. Baba Mdogo alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ukali.

"Usijali. Kinyozi hajinyoi," alisema. "Nimeandika mimi." Mistari yake minne ilikuwa tayari kwenye ile karatasi ya orodha, chini ya viti na turubai. Akalikata neno "wasifu" kwa mstari.

Alhamisi asubuhi Baba Mdogo akakumbuka picha. Ya kuweka juu ya jeneza haikuwapo, ila moja iliyotundikwa saluni, pembeni ya kioo. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake wa kila siku. Mama Penseli alisema atakwenda mwenyewe. Ilikuwa saa moja kasoro, watu wakipiga mswaki barabarani, maduka yakifungua milango ya mabati mmoja mmoja.

Ndani ya saluni palikuwa na harufu ya spiriti na poda. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu kwa adabu. Nyuma ya mlango kulikuwa na nywele zilizofagiliwa zikasahauliwa kuzolewa. Akatafuta ufagio, akafagia. Hakujua kwa nini, picha ilikuwa pale mbele yake. Akafuta kioo, akafuta ule ubao unaowekwa juu ya mikono ya kiti mtoto akija kunyolewa. Kwenye kopo la vitana, katikati ya vitana, zilisimama penseli tano zilizofungwa kwa mpira. Alizipeleka yeye kabla ya ugonjwa, akasahau kuzifuata. Zilikuwa zimechongwa.

Alikaa kwenye benchi ya wateja akazishika.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamume wa makamo, amevaa sare ya ulinzi, ndevu za wiki mbili, macho ya mtu aliyetoka zamu.

"Ah, hatimaye mmefungua! Nimepita hapa wiki ngapi? Fundi yuko wapi?"

"Kaa kwanza," alisema Mama Penseli.

"Amelala tena? Huyo jamaa..."

"Mimi ni dada yake. Amefariki juzi. Tunamzika leo saa nane."

Mlinzi hakukaa. Alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua. Kisha akakaa kwenye ncha ya benchi, akatazama kile kiti kitupu kwa muda mrefu.

"Pole, dada," alisema. "Hata sikuambiwa."

Na Mama Penseli akajikuta, bila kupanga, akiuliza kama alivyouliza katika majiko ya watu miaka ishirini na miwili.

"Nini kilikuwa kinamchekesha?"

Mlinzi alifikiri. Uso wake ukafanya kama unataka kutabasamu ukaona haya.

"Watoto. Wale wanaoogopa mashine. Mimi wangu wa pili alikuwa analia, anapiga mateke, hata mama yake alishindwa. Fundi alimkalisha kwenye ubao, akaiwasha mashine, akampa mkononi. Akainama, akamwambia, 'Haya, bosi, anza wewe. Ukishaninyoa, ndiyo na mimi nikunyoe.' Mtoto akaipitisha hapa, vrrr." Akagusa juu ya sikio lake la kushoto. "Nywele zikaanguka. Fundi alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Na mtoto akacheka, na tangu siku hiyo hakulia tena."

"Kwa wako tu?"

"Wangu? Wa mtaa mzima. Kila mtoto mwoga alipita hapo. Kwani nyinyi nyumbani alikuwa akiwaambia nini kuhusu lile pengo?"

Mama Penseli aliinua macho. Aliitazama picha ukutani. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti, na juu ya sikio pengo jipya kabisa, linang'aa kwa mwanga wa kamera. Miaka mingapi walimcheka. Aliwapa tu kichwa wakacheka nacho.

Ndipo akalia. Hakuwa amelia tangu Jumanne, hapakuwa na mahali. Mlinzi hakumliwaza. Alivaa kofia yake, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akiuacha mlango nusu wazi, na kila aliyekuja kuuliza kama pamefunguliwa alimwambia kwa sauti ya kikazi: "Rudi baadaye. Kuna mtu ndani."

Kilio kilipopungua, Mama Penseli alitafuta karatasi. Zile za hospitali hakuwa nazo. Ukutani kulikuwa na bango la mitindo, vichwa ishirini na vinne vya wanaume, kila kimoja na namba yake. Akalibandua, akaligeuza, akalitandaza juu ya ule ubao wa watoto. Nje pikipiki zilipiga honi, mtu alibishana na mtu kuhusu mahali pa kuegesha mkokoteni, mlango wa mabati wa jirani ulikwaruza. Hakukuwa na kimya. Aliandika mstari wa kwanza, kisha wa pili. Alipofika penye ule usingizi wa Jumamosi, penseli ilitaka kusimama kama jana. Safari hii hakuzunguka. Alipita hapo hapo katikati.

Alipoinuka na kuitungua picha ilikuwa karibu saa nne. Saa ya kufungua duka.

Alimsomea mama yake wakati jirani akimvisha viatu. Mama alisikiliza akiwa ameinama. Walipofika kwenye watoto na mashine, mkono wa mama ulipanda juu ya sikio lake mwenyewe ukabaki hapo. Mama Penseli akamaliza. Mama hakusema "huyo ndiye." Alisema, "Nami nilikuwa nikimwambia kinyozi hajinyoi." Akalirudia, polepole, kama mtu anayehesabu mara alizolisema. Kisha akaomba asomewe tena toka mwanzo.

Kaburini Baba Mdogo aliona bango linafunguliwa, akashtuka.

"Mwanangu, ni nini hicho?"

"Ni wasifu."

"Ninao mfukoni."

"Weka hapo hapo, Baba Mdogo."

Alimtazama, akatazama jua, akarudi nyuma hatua moja. "Dakika tano," alisema.

Kawaida Mama Penseli huandika na wengine husoma. Siku hiyo alisoma mwenyewe, ameshika bango kwa mikono miwili, na waombolezaji upande wa pili wakatazamana na vichwa ishirini na vinne vyenye namba. Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Yeye alisoma:

"Ndugu yangu alikuwa haamki mapema. Saluni yake ilifunguliwa saa nne, na aliyefika saa mbili alikaa kwenye ngazi akangoja. Mlikuwa mkingoja. Hakuoa na hakuzaa. Mnalikumbuka pengo juu ya sikio lake la kushoto. Sisi wa nyumbani kwake tulidhani ni ufundi mbovu, tukamcheka, na yeye akacheka nasi. Leo asubuhi ndipo nimejua kwamba pengo lile lilikatwa na watoto wenu. Kila aliyeogopa mashine alipewa aanze yeye. Kwa hiyo nisiseme hakuacha kitu. Aliacha watu wasioogopa, na wengine wamesimama hapa..."

Alinyanyua macho. Kule nyuma, walikosimama wasiokuwa ndugu, kijana mmoja mrefu wa kuvuta mikokoteni alikuwa amegusa nywele juu ya sikio lake. Kisha mwingine, aliyevaa sare ya shule. Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni akagusa kichwa cha mtoto. Hakuna aliyekohoa tena.

"Mdogo wangu aliniomba nimwandikie haya akiwa hai, ayasikie. Aliniomba mara tatu. Mara ya kwanza nilimnyamazisha. Mara ya pili nilimwambia kesho. Mara ya tatu nilikaa naye, nikafungua daftari, nikalala usingizi. Hakuniamsha. Alinifunika. Katika nyumba zenu huwa nauliza nani hakumwomba radhi marehemu, na siandiki jibu. Hili nimeliandika. Ni mimi."

Akakunja bango, vichwa vikaingia ndani. Baba Mdogo, ambaye angepaswa kusema tuendelee, hakusema. Ilibidi wachimba kaburi wenyewe waone kwamba imekwisha.

Wiki mbili baadaye Mama Penseli alirudi kwenye mashuka. Saa tisa mashine ilinguruma, akakaa juu ya gunia na karatasi gotini, akaandika wasifu wa mama mmoja wa mtaa wa pili. Uliandikika. Hilo lilimuuma kwa namna yake, kwamba maneno yamerudi sasa, wakati aliyeyaomba hayupo. Ile ndoo iliyojaa kichwani ilikuwa imemwagwa, na aliyeimwaga ni yule yule aliyeijaza.

Jioni alimsomea mama yake. Mama alikuwa na kitunguu mkononi, lakini alikuwa ameacha kumenya.

"Huyo ndiye," alisema. Kisha, akikigeuza kitunguu: "Na mimi je?"

"Wewe je nini, Mama?"

"Utaniandikia lini?"

"Mama, jamani, usiseme hivyo. Kwanza nimechoka, acha ke..."

Neno lilifika mdomoni likagota hapo. Mama alilisikia lilivyogota. Alisubiri tu, uso umeelekea mahali sauti ilikokuwa.

"Usingoje mpaka nishindwe kukusahihisha," alisema.

Mama Penseli alikwenda chumbani kwake akaleta daftari jipya, lile la Jumamosi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali moja, lenye neno lililokatwa. Hakuuchana. Akafungua wa pili. Akatoa penseli kichwani, mojawapo ya zile tano. Ncha yake ilikuwa bado ndefu, na alikuwa akiandika nayo bila kuikandamiza.

"Unaamka saa ngapi, Mama?"

"Ninaamka ukiamka wewe," alisema mama. "Nasikia unavyotafuta viatu taratibu ili usiniamshe. Na mimi natulia, nisikuharibie, uondoke ukijua nimelala."

Mkono wa Mama Penseli ulikaa juu ya karatasi kidogo. Kisha ukaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma nisikie."